Mfuniko wa Birika la Arobaini na Tatu

Kabla hujamwona ulikuwa unamsikia. Ko, ko. Kidole cha kati kilichokunjwa, mara mbili kwenye tumbo la birika, mara moja kwenye kitako. Kisha kimya kidogo, ameinamisha kichwa upande wa sikio la kushoto kama mtu anayesikiliza mlangoni. Halafu anajaza maji mpaka shingoni, anashika mkono wa birika, analinyanyua usawa wa bega, analitikisa, anamwaga. Ndipo analisogeza kulia kwa wazima au kushoto kwa wagonjwa. Maneno hayo ni yake. Sikuwahi kumsikia akisema birika bovu. Alisema, "Huyu ni mgonjwa, mrudisheni wodini," na wodi ilikuwa meza ya wagonga ribiti, zile pini za chuma zinazoshikilia mkono wa birika.

Kiwanda kizima kilimwita Mama Gonga. Mimi nilimwita dada, kwa kuwa alinizidi miaka tisa na ndiye aliyenipokea nilipoingia pale nikiwa sijui hata kufunga aproni. Yeye aliniita Profesa. Halikuwa jina la sifa.

Nayaandika maisha yake kwa sababu waliomfahamu wamebaki wachache, na hao wachache wanakumbuka jambo moja tu: kwamba Mama Gonga ndiye aliyepitisha birika lililomchoma mtu. Si kweli. Aliyelipitisha ni mimi. Nimekaa na jambo hilo miaka ishirini na miwili, nikala, nikalala, nikaitwa mzee wa heshima.

Aliingia kiwandani akiwa mjane mwenye mtoto mmoja wa kike mgongoni. Wakati huo wakaguzi walikuwa wanane, wote wanawake, wamekaa kwenye meza ndefu iliyovikwa bati, bomba la maji upande huu, ndoo upande ule. Kila birika lililotoka pale lilikuwa limepita mkononi mwa mtu. Mchana jua lilipopiga paa, ukumbi ulikuwa moto kama tanuri, na wale wanawake walivua viatu wakaweka miguu ndani ya ndoo huku wakigonga. Walisemana, walicheka, walitaniana kuhusu waume zao, na mikono haikusimama. Leo ukiingia kiwanda kama kile utamkuta kijana kwenye kiti kinachozunguka anatazama kioo, mashine inapiga picha, taa ya kijani inawaka, birika limepita. Hajawahi kulinyanyua. Ukimuuliza lina uzito gani likijaa, atakutajia namba, lakini kiganja chake hakijui.

Nayalaumu mambo ya siku hizi, na nina haki ya kuyalaumu. Ila niseme na hili: aliyeufungua mlango wakaingia ni mimi.

Niliishia darasa la saba. Mengine yote nilijisomesha mwenyewe, kwa kamusi na mshumaa wa ukaidi. Siku moja nilinunua kwa mchuuzi wa vitabu vya mitumba kitabu kilichokatika jalada pamoja na kurasa kumi na mbili za mwanzo, ndiyo maana hadi leo sijui jina lake wala la aliyekiandika. Kilihusu ukaguzi wa bidhaa viwandani. Nilikisoma miezi saba. Kilisema hivi: usikague vyote. Chukua fungu la mabirika elfu moja na mia mbili, chomoa themanini bila kuchagua, yakague hayo kwa makini, nayo yatakupa habari za mengine. Kasoro zigawe madaraja matatu. Ndogo ni ile inayoudhi jicho: mkwaruzo, nembo iliyokaa upande. Kubwa ni ile inayoharibu kazi: mdomo unaovuja, mfuniko usiokaa. Ya hatari ni ile inayoweza kumuumiza mtu. Katika themanini, kasoro ndogo zikifika nane, fungu zima linakataliwa. Kubwa zikifika sita, vilevile. Ya hatari haina idadi. Ikionekana hata moja, hakuna birika linalotoka mpaka yote elfu moja na mia mbili yakaguliwe moja moja.

Nilinakili jedwali hilo kwenye karatasi nikampelekea Meneja. Alisoma karatasi yangu amesimama, kisha akakaa akaisoma tena. Baada ya mwezi mmoja wakaguzi wanane wakawa wawili: Mama Gonga, na mimi msaidizi wake. Wale sita wengine waliondoka mmoja mmoja, na hakuna hata mmoja aliyeniaga.

Mama Gonga alinijia na kikombe chake cha chai, akasimama mbele yangu.

"Profesa, mimi sina ugomvi na hesabu yako. Naomba tu unifahamishe. Hayo elfu moja mia moja na ishirini ambayo hujayagusa, habari zake unazipata wapi?"

"Yale themanini yanayasemea, dada."

"Mimi kwetu tumezaliwa sita. Ukinifahamu mimi ukasema umewafahamu na wale watano, utaibiwa mchana kweupe."

Wapakiaji wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Profesa, hiyo haimo kitabuni!"

"Na shemeji yangu wa pili," akaongeza Mama Gonga, "huyo hata sampuli asichukuliwe. Huyo ni wa hatari, tukatae ukoo mzima."

Alicheka na wenzake, lakini jedwali alilisoma. Wiki mbili tu akawa amelishika lote kichwani, mimi mwenyewe nikiwa bado nachungulia karatasi. Akaniambia tena kwa upole kwamba kitabu hakikukosea kwenye jambo moja. "Hapa kwenye ya hatari. Aliyeandika hapa amewahi kushika birika la moto."

Tulikuwa na utaratibu wetu. Kila birika lililochomolewa kuwa sampuli liliandikwa namba ndani ya mfuniko, moja hadi themanini, kwa kalamu ya wino usiofutika, ili tujue limetoka boksi gani. Mnunuzi hatazami ndani ya mfuniko. Namba niliandika mimi. Tarakimu nilijifunzia kwenye kalenda ya duka la nguo, na nne ya kalenda ile ilikuwa na kistari juu kinachopinda kama ukingo wa kofia. Sikuwahi kuiacha. Fungu likishapita, kila boksi lilitiwa kikaratasi chenye tarehe na muhuri wa mkaguzi. Muhuri ulikuwa wa Mama Gonga, namba saba. Mimi msaidizi sikuwa na wangu.

Siku yenyewe nitaieleza kama ilivyokuwa.

Asubuhi alikagua fungu la kwanza na kulipiga muhuri. Saa tano kasoro akaja mjumbe kutoka shuleni: binti yake, aliyekuwa kidato cha mwisho, ameanguka darasani, tumbo limemkaza, wamemkimbiza hospitali. Mama Gonga hakupiga kelele. Alifuta mikono kwenye aproni, akanipa ufunguo wa droo zilikokaa fomu, vipimo na muhuri wake.

"Fungu la pili limalize wewe. Andika unachokiona. Muhuri nitapiga mwenyewe kesho nikishasoma."

"Na lori, dada? Linatoka leo."

"Lisubiri."

"Meneja akiuliza?"

"Mwambie Mama Gonga ana mtoto mmoja tu, mabirika ni mengi."

Akaondoka na aproni yake mwilini.

Nilianza vizuri. Kufikia la arobaini na mbili nilikuwa na kasoro ndogo tano, kubwa mbili. Nikashika la arobaini na tatu. Nikaandika namba, nikajaza maji, nikanyanyua. Mkono wa birika ulicheza. Ulicheza kidogo tu, kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Nikalitua, nikatazama. Ribiti ya nyuma ilikuwa imeingia nusu. Nilijua ninachokitazama. Nilijua hata ukurasa wake.

Meneja alikuja wakati huohuo, anagonga saa ya mkononi kwa ukucha.

"Profesa, lori lilale hapa?"

"Kuna moja hapa, bosi. Mkono."

"Umekatika?"

"Haujakatika. Unacheza."

"Unacheza. Basi na mimi nivue koti nicheze. Daraja gani?"

Hakunishurutisha. Watu wakisimulia mambo kama haya humtwika bosi, nami nimewahi kujisimulia hivyo miaka mingi. Ukweli ni kwamba aliniuliza, akasubiri jibu langu. Na mimi nilikuwa nimejisifu kwake, mwezi mzima umepita hakuna fungu lililokataliwa, njia ya Profesa haicheleweshi malori. Niliona wale wanawake sita wakirudi mezani kugonga mabirika elfu moja na mia mbili, na Mama Gonga katikati yao anacheka.

"Ndogo," nikasema.

Ndogo zikawa sita. Chini ya nane. Nilikagua yaliyobaki bila kuyatazama sana. Halafu nikachukua koleo, nikaibana ile ribiti mpaka mkono ukatulia, na kwa kuwa boksi lilitakiwa kuwa na mabirika kumi na mawili na la akiba halikuwepo, nikalirudisha birika ndani ya boksi lake. Nikafungua droo. Nikapiga muhuri wa namba saba vikaratasi mia moja, kimoja kwa kila boksi. Saa nane mchana lori likatoka.

Kesho yake Mama Gonga alirudi amechoka, binti amepasuliwa salama. Akauliza, "Fungu liko wapi?" Nikamwambia limeondoka, Meneja alishurutisha, yote yalikuwa mazima. Kisha akachukua ufunguo wake akaenda kugonga.

Wiki ya tano, siku ya Jumanne, mwenye duka mmoja aliyeuza mabirika yetu alikuja na gunia. Aliingia moja kwa moja ukumbini akiuliza namba saba ni nani. Mimi nilikuwa stoo. Niliporudi nilikuta tumeitwa ofisini.

Mezani kwa Meneja palikuwa na birika, mkono wake umelala pembeni, na kikaratasi cha muhuri. Mwenye duka alikuwa anaeleza kwamba mke wa fundi viatu wa mtaani kwao aliepua birika jikoni, likachomoka mkononi, maji yakamwagika miguuni. Miguu yote miwili. Anatembea kwa visigino.

Macho yangu hayakuwa kwa mwenye duka wala kwa ule mkono uliochomoka. Yalikuwa yanatafuta mfuniko, wenye namba niliyoiandika mimi. Nilitazama mezani, nikatazama gunia, nikatazama sakafuni. Haukuwepo. Nikajua umepotea hukohuko kwa fundi viatu. Nikamshukuru Mungu. Mwanamke ameungua miguu, nami nikamshukuru Mungu kwa ajili ya kipande cha bati.

"Muhuri huu wa nani?" akauliza Meneja.

"Wangu," akasema Mama Gonga.

"Tarehe hii ndiyo ile uliyoondoka mapema?"

"Ndiyo hiyo."

"Yaani ulipiga muhuri mbiombio ukimbilie kwa mtoto."

Kikaratasi hakikuonyesha ni fungu la asubuhi au la mchana; Meneja akalichukulia la asubuhi, wala hakugusia ule mkono niliomtajia. Meneja akamuuliza tena kama alilikagua birika. Alitazama birika, hakunitazama mimi, akasema polepole, "Muhuri ni wangu."

Nilisimama umbali wa hatua mbili. Nilikuwa na mdomo, nilikuwa na maneno, mimi mtu wa vitabu. Nikajitia kukohoa.

Ijumaa walibandika tangazo ubaoni: mkaguzi namba saba ameachishwa kazi kwa uzembe uliomjeruhi mteja. Alikunja aproni akaitia mkobani. Aliponipita alinyoosha mkono, nikadhani ananiaga. Alikuwa ananipa ufunguo wa droo.

"Baki nao," akasema. "Umeshauzoea."

Binti yake alikuwa ameahidiwa kazi pale ofisini akimaliza mitihani. Alipokwenda walimwambia wanawake wa ukoo ule wana haraka mno. Mimi nilifanywa mkaguzi mkuu. Nilichongewa muhuri mpya, namba moja. Kwenye mikutano nilisimama kufundisha madaraja ya kasoro, na kila nilipofika kwenye daraja la hatari nililisoma haraka kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya anayemdai.

Mwaka huu, kwenye foleni ya kupima macho, nilikutana na mpakiaji wetu wa zamani. Akaniambia Mama Gonga haoni tena. "Ila mikono bado. Akishika kitu anakwambia kinapouma." Nikarudi nyumbani bila kupimwa. Siku ya tatu nilinunua sukari kilo mbili nikaenda.

Nyumba ina chumba cha mbele na ua mdogo. Chumbani binti yake alikuwa kwenye cherehani, nywele zimeanza kuwa na mvi, anashona sare za shule. Alinikaribisha kwa adabu kabisa. "Pita, mzee. Mama yuko uani. Atafurahi, watu wa kazini hawaji."

Mama Gonga alikuwa kwenye kiti cha chini, mgongo ukutani, jua miguuni. Kabla sijasalimia akasema, "Hicho kikohozi nakifahamu. Profesa."

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umenenepa, unatembea kwa kishindo. Umekuja na nini?"

"Sukari kidogo tu."

"Sukari ninayo. Nauliza umekuja na nini."

"Dada, lile birika..."

Akainua kiganja ninyamaze. Kando yake palikuwa na sinia lenye kopo la sukari, vijiko na vikombe viwili. Akapapasa kopo, akatoa kifuniko chake, akakigeuza, akaninyooshea.

"Mimi wino hausomeki kwa kidole. Nisomee wewe."

Kilikuwa mfuniko wa birika. Bati lilikuwa limepauka, lakini ndani ya ukingo wino ulikuwepo, na nne ilikuwepo na kofia yake.

"Arobaini na tatu," nikasema.

"Bado inavaa kofia?"

"Bado."

"Mwenye duka aliponifungulia gunia nilianza na mfuniko. Wewe ulikuwa stoo. Nikauona, nikautia ndani ya aproni."

Niliuliza kwa nini hakusema, na sauti iliyotoka haikuwa ya mtu mzima.

"Ningesema, tungetoka wawili, na wewe mkeo alikuwa mjamzito. Halafu muhuri nilikuachia mimi, hilo lilikuwa kosa langu, nililipa. La birika lilikuwa lako. Nikajiambia, huyu ni mtu anayesoma, atakuja mwenyewe. Jumanne ile nikachemsha chai. Nikakutengea kikombe. Jumatano nikatenga. Alhamisi nikasema labda anaona haya, nikatenga. Ijumaa waliponifukuza ndipo nikaacha."

Nikapiga magoti, na magoti yangu ya sasa si ya kuchezea. Nikamwambia anisamehe.

"Inuka, utashindwa kusimama na hapa hakuna wa kukubeba. Letu mimi na wewe nililimaliza zamani. Kuna mtu hajamalizwa." Akageuza uso mlangoni. "Mwanangu huyu tangu siku ile haniambii akiumwa. Akishikwa na homa anajificha, anashona nayo. Anaamini nilikimbiza kazi kwa ajili ya tumbo lake, mtu akaungua. Nimemwambia sivyo. Anaona namfariji tu. Utamwambia wewe." Akapaza sauti, "Mama! Hebu njoo, mgeni ana neno."

Cherehani ikanyamaza. Binti akaja, utepe wa kupimia shingoni, pini tatu zimebanwa midomoni, akasimama mlangoni.

Nikaanza. Nikasema zamani zile kazi zilikuwa nyingi. Nikasema kulitokea hitilafu kidogo, si ya mtu mmoja, mazingira ya kiwanda yenyewe...

"Profesa," akasema Mama Gonga.

"Kuna birika ambalo mkono wake..."

"Lilikaguliwa na nani?"

"Na mimi."

"Nilikuwepo?"

"Hukuwepo. Ulikuwa umeshaondoka."

"Muhuri alipiga nani?"

"Mimi. Saa nane mchana."

Binti alizitoa pini midomoni moja baada ya nyingine, akazichoma kwenye utepe.

"Uliliandika daraja gani?" akauliza Mama Gonga, kwa sauti ileile aliyonikagulia fomu zangu nikiwa kijana.

"Ndogo."

"Lilikuwa daraja gani?"

Nimelifundisha neno lile mbele ya watu miaka ishirini.

"La hatari," nikasema.

Binti alimtazama mama yake. "Saa nane ulikuwa umenishika mkono," akamwambia. "Kabla hawajaniingiza chumba cha upasuaji. Ulikuwa umevaa aproni."

"Nilikuwa nimekushika, mama."

Akavuka kizingiti, akapiga magoti kando ya kiti, akaweka paji la uso kwenye goti la mama yake. Mama Gonga akampapasa kichwa, kisha kwa mkono mwingine akapapasa hewani mpaka akaufikia mfuniko uliokuwa mkononi mwangu. Akaurudisha juu ya kopo.

Hakuna aliyeniambia kaa, hakuna aliyeniambia toka. Nilijitokea mwenyewe, nikapita kando ya cherehani na sare zilizokatwa nusu. Nilikuwa nimefika barabarani niliposikia miguu nyuma yangu. Nikageuka. Alikuwa ni yeye binti, macho mekundu, sauti ya adabu ileile aliyonikaribishia.

"Mzee," akasema, "umesahau sukari yako."

Niliipokea kwa mikono miwili.